Panga la fimbo halina kosa. Tatizo ni kumtania asiye mtani wako

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi juu ya watu wazima wa Marekani wanaopigana kwa mapanga ya fimbo nimeisoma nikiwa ndani ya basi, injini nimezima, nasubiri kengele ya shule ilie. Mimi ni dereva wa basi la wanafunzi hapa Pittsburgh, mwaka wa 17 huu. Mwandishi wenu kasema watu hao ni wazungu wenye muda wa kuchezea, wanajipachika ufalme na ubaroni, wanaibiana bendera usiku wa manane, halafu mzaha ukizidi wananuniana miaka. Akamalizia kwa kuuliza kama huko nyumbani kuna mtu mwenye akili timamu angekubali upuuzi wa namna hiyo.

Mimi nimekubali. Ni Mzigua, asili yangu Handeni, nimekulia Ngamiani mjini Tanga, na kila mwisho wa Julai, shule zikiwa zimefungwa na mabasi yameegeshwa, navaa kanzu na kilemba nikawa mfanyabiashara wa Kilwa wa karne ya 14 kwa wiki mbili. Kwenye habari ya kuibiana na kununiana mwandishi hajakosea; ugomvi mmoja wa aina hiyo nilikuwamo mwenyewe mpaka kiunoni. Alichokosea ni chanzo chake.

Chama hiki cha kuigiza maisha ya zama za kale kinaitwa Society for Creative Anachronism, wenyewe tunafupisha SCA. Kilizaliwa tarehe 1 Mei 1966, uani mwa nyumba moja mjini Berkeley, California. Vijana waliomaliza kushindana kwa mapanga walitoka barabarani wakaandamana kuipinga karne ya 20. Nami nimezaliwa mwaka huohuo. Mimi na chama ni rika moja, na magoti yetu yanalia pamoja. Leo kuna falme 20. Ufalme haurithiwi wala haununuliwi: unaupata uwanjani kwa kuwashinda wenzako, unaukalia miezi sita hivi, kisha unamvisha taji mwingine na kurudi kuosha vyombo kama sisi wengine. (Wapo wakubwa fulani ningependa waisome sentensi hiyo mara mbili.) Kwa ramani yao Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati ni ufalme mmoja, Drachenwald, yaani Msitu wa Majoka kwa Kijerumani, maana ulianzishwa na wanajeshi wa Kimarekani waliokuwa kambini Ujerumani Magharibi. Kwa hiyo Tanga, bila kuulizwa, iko tena chini ya jina la Kijerumani. Nilimwambia mpiga mbiu wetu kwamba jambo hilo lilishafanyika mara moja na halikuisha vizuri. Akacheka. Akaenda kusoma. Aliporudi hakuwa anacheka.

Aliyeniingiza ni dereva mwenzangu, mama wa njia ya asubuhi. Alinikuta nakula mchana akaniuliza kama ningependa kwenda vitani. Nikamjibu JKT nilimaliza 1986, inanitosha. Akanieleza kwamba yeye ni baroni. Nilidhani ni joto.

Vita vyenyewe vinaitwa Pennsic. Vinapiganwa tangu 1972, na uwanja wake ni kambi ya Cooper's Lake, karibu na Slippery Rock, mwendo wa saa moja kaskazini mwa Pittsburgh. Wanakusanyika watu zaidi ya 10,000, mahema mpaka macho yachoke. Chanzo chake kinasimuliwa kila mwaka penye moto, na mwandishi wenu angekijua angeandika makala nyingine kabisa. Mfalme wa Middle, mmojawapo wa falme zile, kwa jina la mchezo Cariadoc, kwa jina la cheti David Friedman, mwanauchumi, mtoto wa yule Milton Friedman wa Tuzo ya Nobel, aliwatangazia vita jirani zao wa East. Wale wakanyamaza. Bwana yule akahamia mashariki, akashinda taji huko, na sasa yeye ndiye mfalme wa East aliyetangaziwa vita na nafsi yake. Akaona haya kujikatalia. Tangu hapo mzaha ni kwamba atakayeshindwa ndiye atakayebebeshwa mji wa Pittsburgh. Yaani mji ninaolipia kodi ya nyumba ndio adhabu ya mshindwa, na tawi letu la hapa limeandikishwa rasmi kwa jina la Debatable Lands, nchi ya kugombaniwa. Chama kizima kimesimama juu ya utani. Bila utani hakuna vita, na bila vita mimi Julai nakaa nyumbani naangalia televisheni.

Niseme na la mapigano, maana picha mliyoitoa inaonyesha watu wanakatana ovyo. Panga ni fimbo ya henzirani iliyozungushiwa utepe wa gundi. Kofia ni ya chuma, deraya ni ya chuma au ngozi ngumu, na mtu harushi pigo mpaka awe amefundishwa na kupewa ruhusa. Ukipigwa mguuni unapiga magoti, unaendelea hivyo hivyo. Ukipigwa mkono unaurudisha nyuma ya mgongo. Ukipigwa kichwani au kifuani kwa nguvu ya kutosha umekufa, unaanguka, unasubiri. Na hapa ndipo penye siri: anayeamua kama pigo lilitosha ni yule aliyepigwa. Marefa wapo kuangalia usalama. Kufa unajitangazia mwenyewe. Unapaza sauti, "Zuri!", kisha unalala chini. Anayepigwa vizuri akajifanya hakusikia kitu wanamsema ana ngozi ya kifaru, na jina hilo likikuganda ni afadhali ukahamia ufalme mwingine. Kilomita 13,000 kutoka nyumbani, nimekuta mchezo ambao nguzo yake ni mtu kukiri mbele ya watu kwamba amepigwa.

Sasa swali la mwandishi, kama huko kwetu nani angekubali. Babu yangu mzaa baba alikuwa kapteni. Jeshi gani? La Marini. Alikuwa na koti lenye vifungo vya shaba, kofia yenye ukingo, na upanga wa mti wa mvule aliochonga mwenyewe na kuupaka rangi ya fedha. Kazi yake ya mchana ilikuwa kubeba magunia bandarini. Wazee wa mwambao wanajua nazungumzia nini: Beni. Ngoma hiyo ilianza Mombasa na Lamu mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka Tanga na Dar es Salaam, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi wakaisambaza hadi bara. Kila mji ulikuwa na pande mbili, kwetu Tanga Marini na Arinoti, Mombasa wakawa na Kingi na Skochi, kila upande na wafalme wake, majenerali wake, gwaride lake, karamu yake na nyimbo zake za kumvua nguo mpinzani. Waliumizana kwa mashairi, siku nyingine kwa ngumi, na wenye nyumba walifilisika kwa kuchinja ng'ombe ili upande wa pili uaibike. Babu aliwahi kumwuzia mwarabu kitanda chake cha besera ili Marini wapate tarumbeta. Bibi alilisimulia jambo hilo miaka 40 baadaye kama vile kitanda kimetoka jana.

Na Makunduchi je? Kila Julai, kwenye Mwaka Kogwa, wanaume wa kusini na wa kaskazini wanachapana kwa mabua ya migomba hadi wanahema, kinyongo cha mwaka kinatoka, kinamama wanaimba vijembe pembeni, kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto. Watalii wanalipa kwenda kutazama. Hakuna aliyewaita wapuuzi. Basi tusiwaone wa Slippery Rock ni wendawazimu kwa kuwa tu wao wanalala kwenye mahema.

Nikirudi kwenye mizaha yenyewe, nianze na ule uliokuwa mzuri, kwani ulinipata mimi. Sheria ya chama ni kwamba tunaishi kabla ya mwaka 1600. Wapo watu ambao jambo hilo kwao ni dini, hasa jikoni. Kiangazi changu cha kwanza niliwapikia majirani pilau ya Tanga, nikaiweka viazi kama nilivyofundishwa na mama. Mama mmoja wa kambi ya Waskoti, mwalimu wa kemia siku za kawaida, akatoa kiazi kwenye sahani yake kwa ncha ya kisu, akakiinua juu kama mtu aliyekamata panya kwenye unga. Akaniuliza mbele za watu: Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alikula hiki? Nikakosa la kujibu, maana kiazi ni cha Amerika, hakikuvuka bahari mpaka baada ya Columbus, vivyo hivyo nyanya, mahindi na pilipili kichaa. Nusu ya jiko la mama yangu ni haramu Pennsic.

Usiku niliporudi hemani nilikanyaga kitu. Kiazi. Kwenye kiatu, kiazi. Ndani ya foronya, viazi vinne. Kwenye kofia yangu ya chuma kulikuwa na kimoja kikubwa kilichochomekwa karafuu mbili za macho na kuvishwa kilemba. Nilihesabu 41. Nikakaa kitandani nikacheka peke yangu mpaka jirani akaniuliza kama ni mzima. Asubuhi nikamtuma mpiga mbiu kwenye kambi ya Waskoti na ujumbe kwamba Sultani wa Kilwa amepokea ushuru wao, ameridhika nao, na anautarajia mwakani siku kama ile, bila pungufu. Tangu siku hiyo, kila mwaka Jumanne ya wiki ya pili, Waskoti wanakuja kwa zumari zao na gunia la viazi, wanapiga magoti, napokea, tunavikaanga usiku nyuma ya gari ambako karne ya 14 haioni. Yule mwalimu wa kemia ndiye alinishonea kanzu yangu ya sasa.

Wa pili haukuwa mzuri.

Mwanzoni mwa 2019 alifariki mzee mmoja wa kambi yetu, fundi seremala. Alikuwa amemchongea mkewe kiti cha mwaloni, mgongoni samaki wawili wanaofuatana mikia. Kile kiti kilikuwa kikiwekwa penye moto. Mwaka ule mjane alikuja peke yake, akakiweka mahali pake, juu yake akaweka kofia ya marehemu, akakaa pembeni kwenye gogo. Hakuna aliyemwambia neno, na hakuna aliyekalia.

Jirani zetu wa kushoto walikuwa Waviking, yaani fundi bomba, mhasibu, mapacha wawili wauza matairi na wake zao. Kuibiana viti ni mchezo wa zamani kabisa pale: unaiba kiti, unaacha barua ya kudai fidia, wanakulipa keki, kiti kinarudi. Usiku wa Jumatatu waliingia wakachukua cha karibu. Ndicho kile. Asubuhi, kabla jua halijakausha umande, mjane alitoka na taulo begani kwenda kuoga, akakiona kiti cha mumewe kiko juu ya paa la safu ya vyoo vya plastiki. Kofia walikuwa wameivalisha kabichi.

Hakupiga kelele. Alikuja mlangoni kwangu akasema maneno mawili: "Nishushie, Kilwa." Nikapanda juu ya pipa la taka nikakishusha. Kilikuwa kimelowa, na mguu mmoja umepata ufa. Aliifuta ile kofia kwa taulo lake mwenyewe, polepole, kuzunguka ukingo, kama anayemfuta mtoto mdomo.

Waviking walikuja na keki yao saa nne wakiwa wanaimba. Waliondoka hawaimbi. Waliomba radhi, lakini kwa ile namna ya "hatukujua", na mmoja wa mapacha akaongeza kwamba kiti ni kiti. Hapo ndipo bifu lilipoanza, na sisi ndio tulioliendeleza, sitaki kujisafisha. Mvua ilinyesha usiku wa Jumatano na kamba za hema lao kubwa zikalegea zenyewe, zote 12. Wao wakafunga bomba la maji tulilokuwa tukichangia. 2020 na 2021 vita viliahirishwa kwa sababu ya korona; sisi tulifungiwa majumbani, ugomvi haukufungiwa. Watu walikatana kwenye picha za zamani. Tuliporudi 2022, siku ya kugawana viwanja, watu wazima tuliinama na futi ya kupimia tukigombania ukanda wa majani usiotosha kuanika taulo, tena wa wiki mbili tu, mpaka wasimamizi wa ardhi wakaja kutuwekea kamba. Mhasibu wao alikuwa na mchoro. Mimi nilikuwa na mchoro wangu.

Wiki ileile, kwenye vita vya uwanjani, nikakutana uso kwa uso na fundi bomba. Nina goti bovu, yeye ana tumbo, tunalingana. Akanichenga kushoto, akanipiga juu ya kofia. Pigo lilitua pale pale. Mhariri, ukipigwa vizuri ndani ya chuma husikii maumivu, unasikia sauti, kama sufuria iliyoanguka kwenye sakafu ya saruji, na meno yanakutana. Kila mtu aliyekuwa karibu alilisikia. Nami nikasema, "Hafifu."

Alisimama. Nilimwona macho kupitia nondo za kofia yake. Hakubisha, sheria haimruhusu, pigo ni langu kulipima. Akasema tu, "Sawa, Kilwa," akageuka akaenda kutafuta mtu mwingine wa kupigana naye. Mimi nikabaki nimesimama hai katikati ya maiti za wenzangu waliokuwa wamelala kwenye majani, wengine wananitazama kwa chini. Babu yangu aliuza kitanda. Mimi nimeuza neno moja.

Jioni chakula hakikupita. Nikachukua birika la kahawa ya tangawizi nikaenda kwa Waviking peke yangu. Nikasimama nje ya kamba yao, ile ile ya wasimamizi, nikamwambia fundi bomba, "Lilikuwa zuri." Akasogea kwenye benchi. Hatukusema kitu kwa muda, tunakunywa. Halafu mmoja wa mapacha, yule wa kiti ni kiti, akaniuliza kwa nini tulikasirika kiasi kile ilhali kila mtu anaibiana viti.

Nikawasimulia mazishi ya baba yangu. Watani wetu Wazigua ni Wanyamwezi, tangu enzi za misafara. Baba alipofariki Handeni mwaka 1994, alikuja mzee mmoja wa Kinyamwezi aliyekuwa fundi baiskeli pale sokoni. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa akaruka ndani, akajilaza, akasema hatoki mpaka alipwe, kwa kuwa anamdai marehemu shilingi mia mbili na sasa marehemu anataka kukimbia. Tukatoa. Siku ya matanga akavaa koti la baba, akatembea uani kwa ule mguu wa baba uliokuwa mfupi, akaitisha chai kwa sauti ya baba hasa. Mama yangu alikuwa hajala siku tatu. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akala.

Pacha akasema, "Sasa huyo si amefanya kuliko sisi?"

Amefanya kuliko ninyi, nikamwambia. Lakini lile kaburi alilolalia alikuwa amelichimba yeye, na jembe lake. Maji ya msiba aliyateka yeye. Kuni alipasua yeye. Mtani haingii kaburini kwa sababu ni mcheshi, anaingia kwa sababu amelichimba. Na mwaka wake ukifika, sisi ndio tutakaokwenda kumlalia lake. Ninyi mzee wetu alipofariki hamkuja kuzika, hamkutuma hata kadi, kiti hamkukibeba wala kukipaka mafuta, kisha mkataka kuvaa kofia yake. Kama mtu wa njiani angeingia kwenye lile kaburi la baba, tungemtoa kwa marungu.

Kimya kikaingia. Mhasibu akauliza kama kuna utaratibu wa maandishi. Nikasema hakuna, kuna watu wanaojuana. Fundi bomba akauliza mtani anaanzaje. Nikamwambia kwa kawaida mababu wanapigana kwanza, au wanasafiri pamoja, halafu wanachoka.

Hawakuniahidi kitu. Lakini 2023, tulipofika, Waviking walikuwa wanasubiri getini na mkokoteni. Fundi bomba alimwendea mjane, akavua kofia, akamwomba ruhusa ya kukibeba kile kiti. Yule mama alimtazama muda mrefu. Ni muuguzi mstaafu, ana jicho la kupima watu. Akampa. Wakakibeba wawili wawili kwa zamu, mwendo wa nusu saa kwenye jua, mpaka penye moto wetu. Ule mguu wenye ufa pacha aliutengeneza kwa kiunzi cha mwaloni, akakisugua kwa mafuta ya kitani. Siku ya kuvunja kambi wakakirudisha garini. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Mjane bado hakai na Waviking, asidhani msomaji kwamba kila kitu kilimalizika kwa kukumbatiana. Anapokea huduma yao kama mtu anayepokea deni linalolipwa kwa awamu.

Kiangazi kilichopita, asubuhi ya Jumanne, tuliamka tukakuta juu ya kile kiti, juu ya kofia ya marehemu, kiazi kimoja. Kilikuwa na ndevu za nyuzi na mkononi ameshikishwa randa ya karatasi. Nilimwona mjane anatoka hemani na taulo lake, na tumbo langu likaenda baridi. Waviking wote walikuwa wamesimama upande wa pili wa kamba, hakuna anayepumua. Alikiinua, akakigeuza, akazitazama zile ndevu.

"Pua siyo," akasema. "Yake ilikuwa kubwa zaidi." Akaingia jikoni kutafuta kisu.

Ndugu Mhariri, simwombi mwandishi wenu anitake radhi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Upanga wa babu uliliwa na mchwa, koti liliuzwa, nyimbo zake za Marini nakumbuka mistari miwili tu na mmoja hauandikiki gazetini. Kama yuko msomaji wa Tanga, Pangani, Bagamoyo, Mombasa au Lamu ambaye nyumbani kwao kuna kofia, beji, picha au wimbo wa Beni, upande wowote, hata Arinoti, ninaomba awasiliane nami kupitia dawati lenu. Wapiga mbiu wa hapa wanataka ushahidi kwa kila kitu, na mwakani nimepewa saa nzima ya kufundisha Pennsic namna mababu zetu walivyogombana. Wakinikatalia kwa sababu Beni ni ya baada ya 1600, nitawapa viazi.

Wenu,
Kapteni mjukuu,
Pittsburgh, Pennsylvania